Stadi na Njia: Mwalimu wa Kiswahili na Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalum katika Shule za Upili nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya mwalimu wa Kiswahili katika kumsaidia mwanafunzi wa shule ya upili mwenye mahitaji maalum ya kielimu. Hoja kuu ni kwamba mwalimu anapaswa kutenganisha stadi ya lugha inayofundishwa na kupimwa, na njia ya kimwili, yaani jicho, sikio au mkono, inayotumiwa kuifikia stadi hiyo. Hoja hii inafafanuliwa kwa mifano ya sarufi, ufahamu na fasihi, kwa kumrejelea mwanafunzi asiyeona, mwanafunzi kiziwi na mwanafunzi mwenye disleksia. Hatimaye, makala yanatoa mapendekezo kuhusu mafunzo ya walimu wa Kiswahili vyuoni.

1.0 Utangulizi

Chukulia kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu asiyeona ameketi katika darasa la kawaida. Swali analosomewa ni hili: "Changanua sentensi ifuatayo kwa kielelezo cha matawi: Mwalimu mpya anafundisha vizuri." Mwanafunzi huyo anajua kwamba sentensi ina kundi nomino na kundi tenzi. Anajua kwamba "mpya" ni kivumishi na "vizuri" ni kielezi. Hata hivyo, hawezi kuchora matawi. Anaacha pengo, na mwalimu anaandika sufuri. Alama hiyo inadai kwamba mwanafunzi hajui uchanganuzi wa sentensi. Dai hilo si la kweli.

Mfano huu unaonyesha tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Mjadala kuhusu elimu maalum aghalabu huelekezwa kwenye majengo, vifaa na fedha. Mambo hayo ni muhimu na hayawezi kupuuzwa. Lakini kuna sehemu ya tatizo ambayo chimbuko lake ni swali lenyewe la Kiswahili jinsi lilivyotungwa, na sehemu hiyo iko mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili. Mtaalamu wa elimu maalum anaweza kutambua kiwango cha kuona cha mwanafunzi. Si kazi yake kueleza ni vipi uchanganuzi wa sentensi unavyoweza kupimwa bila mchoro. Jibu la swali hilo linatoka kwa anayeijua sarufi.

2.0 Msingi wa kihistoria na kisheria

Elimu ya wanafunzi wenye ulemavu nchini Kenya ilianza katika shule zilizotengwa, nyingi zikiwa chini ya makanisa. Shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, ni mojawapo ya shule kongwe zaidi za aina hiyo. Serikali ilianza kuunda vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza kwenye huduma za elimu mnamo 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ikaanzishwa mwaka wa 1986 ili kuwafunza walimu. Tamko la Salamanca la 1994, lililotolewa nchini Uhispania, lilizihimiza nchi mbalimbali kuzielekeza shule za kawaida kwenye elimu jumuishi. Kenya ilitoa sera yake ya elimu maalum mwaka wa 2009, na sera nyingine ya mwaka wa 2018 ikatilia mkazo zaidi elimu jumuishi.

Katiba ya 2010 inamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara hiyo hiyo inaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya na Breli. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha Ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na ibara ya 120 inaiweka Lugha Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kwa hivyo, mwalimu anayelirekebisha swali ili mwanafunzi asiyeona alifikie anatekeleza haki ya kikatiba. Hatoi sadaka.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mitaala imo katika kipindi cha mpito. Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, huku wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wakitazamiwa kuufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Katika mifumo yote miwili, Kiswahili ni somo linalomkabili karibu kila mwanafunzi, na Lugha Ishara ya Kenya imewekwa kuwa badala yake kwa mwanafunzi kiziwi. Suala linalojadiliwa hapa basi halitatoweka pamoja na mtihani mmoja.

3.0 Suala la majina

Kabla ya kuzungumzia mbinu, inafaa kuyatazama majina yanayotumiwa darasani. Kiswahili kina nomino nyingi za watu wenye ulemavu zinazoanza kwa kiambishi ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Kuna wanaodai kwamba kiambishi hicho kinamshusha mtu hadhi na kumweka pamoja na vitu. Dai hili linahitaji kuchunguzwa kwa makini. Kimofolojia, maneno kijana, kiongozi na kinyozi yana kiambishi hicho hicho, wala hakuna anayehisi kutukanwa kwa kuitwa kiongozi. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi wa nomino hizi zote ni wa ngeli ya A-WA: husemwa "kiziwi amefika", si "kiziwi kimefika".

Kwa hiyo, kiambishi pekee hakitoshi kuamua adabu ya neno. Linaloamua ni matumizi, na hasa kauli ya wahusika wenyewe. Nchini Tanzania, chama cha viziwi kinajiita Chama cha Viziwi Tanzania, ilhali cha wasioona kimechagua jina la Chama cha Wasioona. Kundi moja limelikubali neno lenye ki-/vi- na jingine likachagua neno tofauti. Neno "bubu", kwa upande wake, halimfai mwanafunzi kiziwi, kwani linamchukulia kuwa mtu asiye na lugha, hali ana lugha kamili ya ishara. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye darasa zima huiga msamiati wake, ana wajibu wa kuwa wa kwanza kuchagua neno linalokubalika.

4.0 Kigezo cha stadi na njia

Kila swali la Kiswahili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni stadi, yaani ujuzi wa lugha unaolengwa. Ya pili ni njia, yaani kiungo cha mwili ambacho mwanafunzi hana budi kukitumia ili kuudhihirisha ujuzi huo. Kwa mwanafunzi asiye na ulemavu, sehemu hizi mbili huenda sambamba na mwalimu hazitambui. Kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalum, hutengana.

Mwalimu anapotunga swali, zoezi au mtihani, anaweza kujiuliza maswali matatu. Kwanza, ni stadi gani inayopimwa? Pili, swali linadai kuona, kusikia au kuandika kwa namna ambayo si sehemu ya stadi yenyewe? Tatu, je, kuna njia nyingine ya kuifikia stadi ile ile bila kuipunguza uzito? Mifano ifuatayo inaonyesha jinsi maswali haya yanavyofanya kazi.

5.0 Mwanafunzi asiyeona

Breli hutumia nukta sita zinazoinuliwa juu ya karatasi na kusomwa kwa vidole. Mfumo huu ulibuniwa na Mfaransa Louis Braille (1809–1852), na maandishi ya Kiswahili yanaandikika kwa mfumo huo kwa kuwa hutumia herufi za Kirumi. Mwanafunzi asiyeona anaweza kusoma ufahamu, kuandika insha na kuhakiki riwaya. Ugumu huzuka pale ambapo swali linategemea mpangilio wa kuonekana kwenye ukurasa.

Katika mfano wa uchanganuzi uliotolewa mwanzoni, stadi inayopimwa ni kutambua viambajengo vya sentensi na uhusiano wake. Matawi ni njia tu. Isimu yenyewe ina njia nyingine inayokubalika, nayo ni uchanganuzi wa mistari:

S → KN + KT
KN → N + V
N → Mwalimu
V → mpya
KT → T + E
T → anafundisha
E → vizuri

Mistari hii saba inaandikika kwa mashine ya Breli bila mchoro wowote, nayo inabeba habari zote zilizomo katika matawi. Mwanafunzi hajapunguziwa chochote. Vivyo hivyo, agizo la "pigia mstari kihusishi" linaweza kuwa "taja kihusishi kilichotumiwa", na swali la ufahamu linalotegemea picha au katuni linaweza kuambatanishwa na maelezo ya maneno, mradi maelezo hayo yasitoe jibu.

Changamoto nyingine ni ya vitabu. Riwaya inayobebeka mfukoni, inaponakiliwa kwa Breli, huwa majuzuu kadhaa makubwa, na kila vitabu teule vinapobadilishwa kazi ya kunakili huanza upya. Kompyuta zenye programu za kusoma skrini zimeleta nafuu, lakini zinahitaji kuwekewa sauti ya Kiswahili. Zikiachwa katika sauti ya Kiingereza, maneno kama "wake", "pole" na "mate" husomwa kana kwamba ni ya Kiingereza, na mwanafunzi hupoteza maana ya sentensi nzima. Kasoro hii inaonekana ndogo, lakini atakayeigundua haraka zaidi ni mwalimu wa Kiswahili.

6.0 Mwanafunzi kiziwi

Hali ya mwanafunzi kiziwi ni tofauti kwa kuwa, kwake, Kiswahili hakisikiki. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi kiziwi huruhusiwa kutahiniwa Lugha Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Tangu 2023, katika ukokotoaji wa gredi ya jumla ya KCSE, lugha moja ya lazima inaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara ya Kenya. Huu ni utambuzi kwamba Lugha Ishara ni lugha yenye sarufi yake, wala si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi.

Hata hivyo, ruhusa hiyo isigeuzwe kuwa marufuku. Kiziwi anaishi katika nchi ambayo matangazo, fomu, magazeti na ujumbe mfupi wa simu huandikwa kwa Kiswahili. Aidha, kuna wanafunzi wenye usikivu hafifu, na wengine waliopoteza usikivu wakiwa tayari wamejifunza kuzungumza, ambao husoma Kiswahili katika shule za kawaida. Mwalimu anayekutana nao anahitaji kuelewa makosa yao.

Mwanafunzi kiziwi anaweza kuandika: "Jana mama nunua kitabu." Mwalimu asiyejua chanzo chake hulichukulia kosa hili kuwa uzembe. Kwa hakika, mwanafunzi anafuata mantiki ya lugha yake ya kwanza, ambapo wakati huonyeshwa kwa ishara inayojitegemea, kama ile ya "jana", badala ya kiambishi ndani ya kitenzi. Hili ni kosa la uhamishaji, sawa na makosa ya mzungumzaji wa lugha nyingine yoyote anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Dawa yake ni mbinu za kufundisha lugha ya pili: kulinganisha mifumo miwili, kuviandika viambishi kwa rangi tofauti, na kutoa mifano mingi iliyoandikwa.

Ulinganishi huo unaweza hata kuwa daraja. Katika Lugha Ishara, kitenzi kama "kupa" huweza kuelekezwa angani kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji. Mwelekeo huo hufanya kazi inayofanana na ile ya viambishi vya nafsi katika "nilikupa" na "ulinipa". Mwanafunzi anayeona kwamba ni- na -ku- ni mianzo na miisho ya mwendo wa mkono wake ameelewa kiambishi cha mtenda na cha mtendwa. Vilevile, nyusi zinazoinuliwa katika ishara za kuuliza huchukua jukumu linalofanana na la kiimbo katika "Amefika?"

Katika fonolojia, kigezo cha stadi na njia kinahitaji uangalifu. Tofauti ya sauti ghuna na sighuna inafundishika: mwanafunzi akiweka vidole kooni atahisi mtetemo wa nyuzi za sauti katika /z/ na kuukosa katika /s/. Kwa upande mwingine, /p/ na /b/ hufanana midomoni, hivyo mwalimu anayemtaka mwanafunzi asome midomo ili atofautishe "pata" na "bata" anadai lisilowezekana. Nalo swali la shadda katika "bara'bara" kwa maana ya njia na "ba'rabara" kwa maana ya sawasawa linapima usikivu wenyewe. Hapa njia ndiyo stadi. Jambo la haki ni kuliondoa swali hilo kwa mwanafunzi huyu na kumpa jingine la uzito uo huo, kwa mfano kuhusu mahali pa kutamkia sauti. Kumpa alama za bure si haki, na kumpa sufuri si haki pia.

7.0 Mwanafunzi mwenye disleksia

Kundi la tatu ndilo lisiloonekana kwa urahisi. Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno usiosababishwa na upungufu wa akili au wa mafunzo. Katika lugha ambazo tahajia yake hulingana na matamshi, kama Kiitaliano na Kijerumani, utafiti umeonyesha kwamba wasomaji wenye disleksia aghalabu husoma maneno kwa usahihi wa kiasi lakini polepole mno. Kiswahili nacho kina tahajia inayolingana na matamshi. Kwa hiyo, ni busara mwalimu asitarajie makosa mengi ya kusoma pekee. Aangalie pia kasi.

Ugumu wa ziada katika Kiswahili unatokana na urefu wa neno. Kitenzi "hawajatuandikia" ni sentensi nzima. Msomaji akiruka silabi moja na kusoma "hajatuandikia", watenda wamegeuka kuwa mmoja. Mwanafunzi anayefika katikati ya ufahamu wakati wenzake wamemaliza huitwa mvivu au mzito, na baada ya miaka kadhaa huanza kuliamini jina hilo. Hasara ya hapo haimo katika alama pekee.

Kwa bahati njema, mtaala wa Kiswahili una zana inayofaa. Zoezi la kubainisha viambishi, ha-wa-ja-tu-andik-i-a, ambalo hufundishwa kwa ajili ya mtihani, ni mbinu nzuri ya kumsaidia msomaji huyu kuligawa neno refu katika vipande vyenye maana. Muda wa ziada pia unafaa, kwa kuwa ufahamu unapima kuelewa, si mbio. Katika fasihi, mwalimu anaweza kusahihisha kwa safu mbili: moja ya maudhui, nyingine ya tahajia. Mwanafunzi aliyeieleza vyema dhamira ya tamthilia, lakini akaandika "mtuzi" badala ya "mtunzi", ataona wazi ni wapi amefaulu na ni wapi anahitaji mazoezi.

8.0 Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba marekebisho ya aina hii yanashusha viwango. Pingamizi hii ingekuwa na uzito iwapo stadi ingepunguzwa. Mifano iliyotolewa inaonyesha kinyume: stadi imebaki vilevile, na njia pekee ndiyo iliyobadilika. Ni kweli kwamba kuna walimu wanaotoa alama za huruma kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, wakamsifu kwa insha dhaifu ambayo wasingemsifia mwenzake. Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovishwa nguo nzuri, kwani inamwambia mwanafunzi kwamba hakuna kinachotarajiwa kutoka kwake. Sufuri ya uonevu na alama ya huruma zina kasoro moja: zote mbili hazisemi kweli kuhusu anachokijua mwanafunzi.

Pingamizi ya pili ni kwamba mwalimu wa Kiswahili si mtaalamu wa elimu maalum na ana madarasa makubwa. Hoja hii ina ukweli. Mwalimu hatakiwi kufanya kazi ya daktari wala ya mwanasaikolojia. Anapoona dalili, wajibu wake ni kuziandika kwa usahihi, kushauriana na mzazi na mwalimu mkuu, na kumwelekeza mwanafunzi kwenye kituo cha upimaji cha eneo lao. Kutunga swali lisilomfungia mtu nje, hata hivyo, ni kazi ya taaluma yake mwenyewe. Aidha, maswali mengi yaliyorekebishwa huwafaa wanafunzi wote, kwa hiyo hayaongezi kazi mara mbili.

9.0 Mapendekezo kwa vyuo

Kozi ya utangulizi wa elimu maalum anayoipata mwanafunzi wa ualimu huwa ya jumla, na haimwambii chochote kuhusu ngeli, shadda au matawi. Idara za Kiswahili zinaweza kuziba pengo hilo kwa njia nne.

Kwanza, kozi za mbinu za kufundisha Kiswahili zijumuishe zoezi la kurekebisha karatasi moja ya mtihani kwa kigezo cha stadi na njia. Pili, kozi za isimu ziitazame Lugha Ishara ya Kenya pamoja na lugha nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa lugha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwanaisimu Okoth Okombo alikuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo nchini. Msingi basi upo. Tatu, baadhi ya wanafunzi wapelekwe kwa mazoezi ya kufundisha katika shule maalum na shule zenye vitengo maalum.

Nne, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishiriki katika kuandaa vitabu vya kusikilizwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, unaruhusu vitabu kuandaliwa katika miundo inayowafaa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, kupitia taasisi zinazotambuliwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana sauti, matamshi sanifu na uelewa wa fasihi. Wakishirikiana na taasisi hizo, wanaweza kusoma na kurekodi tamthilia na riwaya teule kwa ufundi ambao mashine haijaufikia.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msaada kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalum katika shule ya upili hauanzi wala hauishii katika ofisi ya elimu maalum. Unaanza pale mwalimu wa Kiswahili anapoandika swali. Majengo na vifaa vitaendelea kuhitajika, na ni wajibu wa Serikali kuvitoa. Lakini mwanafunzi aliyeulizwa kuhusu matawi wiki hii hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Anahitaji mwalimu anayeijua sarufi kiasi cha kutambua kwamba mistari saba inatosha, na kwamba sufuri iliyo kwenye karatasi yake ilikuwa ya swali, haikuwa yake.